Usiongeze Oili Tu, Badilisha Sili

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Neno Kuu: 2 Wafalme 12:4-15, Hesabu 19:15, Yeremia 2:13, Yakobo 5:16



Leo nataka tuongee juu ya vitu vidogo vya mpira. Usicheke. Mwambie jirani yako, "Vitu vidogo vya mpira." Amina.

Katika mkutano wa washirika uliopita kuna mama mmoja aliuliza swali, na lilikuwa swali zuri sana. Aliuliza hivi: kwa nini kamati imepitisha pesa za sadaka zitumike kununua sili, gasketi na vifuniko vya gari la kanisa, na gari lenyewe ni la zamani? Si afadhali hizo pesa ziwekwe kando, tungoje gari jipya? Watu wengi waliitikia kwa vichwa. Mchungaji kiongozi akanigeukia akasema, "Wewe ndiye ulisomea biashara, utawajibu." Basi leo najibu. Lakini wiki hii nilipokaa na Neno niliona kwamba swali la mama huyu linatugusa kila mmoja wetu, hata yule ambaye hana hata baiskeli. Swali lenyewe ni hili: kwa nini tunapenda kungoja kitu kipya, na hatupendi kutengeneza kile ambacho Mungu ameshatupa?

SANDUKU LA MFALME YOASHI

Fungua 2 Wafalme sura ya 12. Mfalme Yoashi aliwaambia makuhani wapokee pesa za watu na kuzitumia kurekebisha sehemu za hekalu zilizobomoka. Pesa zikaingia. Sadaka zilikuwa zinatolewa. Lakini mstari wa 6 unatuambia kwamba ulipofika mwaka wa 23 wa utawala wake, mabomoko bado yalikuwa pale pale. Miaka 23, watu wa Mungu! Ibada inaendelea, dhabihu zinachinjwa, na ukuta una ufa ule ule.

Hapo ndipo kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Pesa zilizoingia zilihesabiwa na kufungwa, zikalipwa kwa maseremala, wajenzi na wachonga mawe. Ukienda mstari wa 13 utaona jambo la ajabu: pesa zile hazikutumika kutengeneza mabakuli ya fedha wala tarumbeta. Vile vya kung'aa vilingoja. Ufa ulizibwa kwanza.

(Mstari wa 15 unasema mafundi wale hawakudaiwa hesabu kwa sababu walikuwa waaminifu. Mimi kama mtu wa hesabu mstari huo hunisumbua kidogo. Sisi risiti tutaleta.)

Kwa hivyo jibu la kwanza kwa mama yetu ni hili: kutumia sadaka kutengeneza kilichopo ni ibada kamili. Mfuko wa gari jipya bado upo na unaendelea. Lakini injini ya gari hili ilipimwa ikaonekana ni nzima. Katika biashara, kama kiini cha mali ni kizima, unakilinda. Kama kiini kimekufa, hapo unaacha kukitupia pesa. Gari letu halijafa. Linavuja.

HESABU YA OILI

Mnajua magari yetu yanavyokuja. Sheria ya Kenya hairuhusu kuleta gari lililopita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, kwa hivyo mengi yanatoka Japani yakiwa na miaka karibu saba. Yaani gari likifika Garissa tunaliita "jipya", na mpira ulio ndani umeshapikwa miaka saba. Halafu sisi tunalipa miaka kumi mingine ya jua la hapa na vumbi la hapa.

Mpira unazeeka namna gani? Hauvunjiki kwa kelele. Unakuwa mgumu. Kazi ya sili ni kuwa laini, ijaze ile nafasi ndogo kati ya chuma kinachozunguka na chuma kilichosimama. Joto likiukausha mpira miaka mingi, unapoteza ule ulaini. Chuma bado ni kizuri, pistoni ni nzuri, lakini pale kwenye kiungo oili inaanza kupita tone kwa tone.

Sasa dereva hufanya nini? Anaongeza oili. Tufanye gari linapoteza nusu lita kwa wiki. Kwa mwaka wa wiki 52 hiyo ni lita 26. Tufanye lita moja ni shilingi 700. Umemwaga chini shilingi 18,200, na mwisho wa mwaka sili bado ni ile ile mbovu. Sili yenyewe ungeipata kwa mia kadhaa. Na siku moja utasahau kuongeza, ukiwa katikati ya Mwingi na Garissa, karibu kilomita 200 za jua na vichaka, na hapo hutanunua sili tena. Utanunua injini.

Tulipokuwa gereji fundi wetu, ndugu wa Kisomali, jirani yetu, aliniambia neno ambalo limekaa moyoni mwangu. Alisema, "Pasta, oili haipotei. Iko mahali inaenda."

Sikia hilo vizuri. Haipotei, iko mahali inaenda. Ni wangapi hapa wanasema, "Pasta, sijui furaha yangu ilipotelea wapi"? "Sijui upako wangu ulienda wapi"? "Sijui mshahara huwa unaishia wapi"? Haujapotea. Kuna mahali unaenda. Nabii Hagai, sura ya kwanza, aliwaambia watu kwamba mshahara wao ni kama unawekwa katika mfuko wenye matundu. Na Yeremia 2:13 anatuonyesha Mungu akilia juu ya watu walioacha chemchemi wakajichimbia visima vyenye nyufa visivyoshika maji. Sisi wa Garissa tunajua tangi lenye ufa ni nini. Unaweza kulipia boza la maji leo, kesho kutwa umekauka.

Na dawa yetu ya Kipentekoste ni ipi? Tunaongeza! Kesha lingine. Semina nyingine. Mfungo mwingine. Mtumishi mwingine kutoka Nairobi, atuwekee mikono. Mimi napenda kesha, na kesha la Ijumaa liko pale pale. Lakini kujazwa kila Ijumaa na kukauka kila Jumanne, kwa miaka, hiyo si kiu ya Mungu peke yake. Kuna sili imekufa mahali. Mwambie jirani: "Usiongeze tu. Tengeneza."

Twendeni sasa kwa vitu vinne ambavyo fundi alituonyesha.

1. KIFUNIKO CHA REJETA: KUSHIKA PRESHA

Wengi tunadhani kile kifuniko ni cha kuzuia maji yasimwagike. Kazi yake ni zaidi ya hapo. Kina springi ndani, na springi ile inashika presha. Maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100. Yakifungwa chini ya kifuniko kizuri yanaweza kufika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Springi ikichoka au mpira wake ukikatika, presha inatoroka, na gari linachemsha pale Bangale. Rejeta ni ile ile, maji ni yale yale na jua ni lile lile. Kilichobadilika ni kifuniko.

Watu wa Mungu, joto la Garissa haliondoki. Mwalimu, darasa lako la wanafunzi wengi halitapungua wiki hii. Nesi, zamu ya usiku iko pale. Askari wetu mlioko kambini, joto lenu mnalijua wenyewe. Shadraka, Meshaki na Abednego hawakuzimiwa tanuru. Walishikwa ndani ya tanuru. Kabla hujaomba uhamisho wa joto, angalia kifuniko. Ile nusu saa ya asubuhi na Neno kabla ya kushika simu, iko? Ile saa ya kulala na ya kupumzika, iko? Ni vitu vidogo, lakini ndivyo vinavyofanya moyo usichemke kwa nyuzi ambazo mwaka jana ulizivumilia.

Na kifuniko kile kina valvu mbili. Moja inaachilia presha iliyozidi, maji yanaenda kwenye chupa ya pembeni. Ya pili ni ndogo, hufunguka injini ikipoa ili maji yale yarudi ndani. Ile ya pili ikikwama, maji hayarudi, na hosi inajikunja kana kwamba imenyonywa. Wanandoa, hapo pana somo. Ulipokasirika, maneno yalitoka. Sawa, presha ilizidi. Je, ulipopoa, ulirudi? Waefeso 4:26 inatuhimiza tusiache jua lituchwee tukiwa na hasira. Ndoa nyingi haziuawi na ule mchemko. Zinauawa na valvu ya kurudi iliyokwama. Mume amepoa, mke amepoa, na hakuna anayerudi.

(Na kwa vijana: usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, utaungua uso. Ngoja ipoe. Na mtu mwenye hasira pia, ngoja apoe kwanza.)

2. KIFUNIKO CHA OILI: KUFUNGA MLANGO

Juu ya injini kuna kifuniko cha mahali pa kuwekea oili, na ndani yake kuna pete ya mpira. Pete ikikauka, oili inarushwa nje na kuanguka juu ya ekzosi, unasikia harufu ya kuungua. Wengine hupoteza kifuniko kabisa, wakaziba na tambara au na kifuniko cha chupa. Sasa fikiria vumbi la barabara ya Modogashe. Mchanga ukiingia kwenye oili, ile oili iliyowekwa kulainisha inageuka msasa. Inakula vyuma kutoka ndani.

Hesabu 19:15 ni mstari ambao sijawahi kusikia ukihubiriwa. Sheria inasema mtu akifa ndani ya hema, kila chombo kilicho wazi, ambacho kifuniko chake hakikufungwa, kinahesabiwa najisi. Chombo hakikufanya kosa lolote! Hakikuiba, hakikuua. Kilikuwa wazi tu, katika nyumba ambayo mauti yalipita.

Simu yako ni mlango. Vikundi vyako vya WhatsApp ni mlango. Masikio yako nyuma ya kanisa baada ya ibada, pale mnaposimama watatu watatu kumjadili mshirika wa nne, ni mlango. Mama anayeuza maziwa ya ngamia anajua: mtungi unaweza kuwa mzuri na maziwa yakawa mazuri, lakini kifuniko kikilegea, barabara itamaliza maziwa yote kabla ya soko. Daudi katika Zaburi 141:3 alimwomba Mungu amwekee mlinzi mlangoni pa midomo yake. Mfalme mzima anaomba kifuniko! Wewe na mimi ni nani?

3. NJIA YA HEWA: PRESHA ILIYOKOSA PA KUTOKEA

Hapa fundi alinishangaza. Nilimuuliza, "Tukibadilisha sili zote, tumemaliza?" Akasema hapana. Hata injini nzima hupitisha gesi kidogo kando ya pistoni, na gesi hiyo huingia chini kwenye oili. Kwa hivyo kuna njia ndogo ya hewa, yenye valvu yake, inayoitoa ile gesi na kuirudisha ikachomwe. Njia hiyo ikiziba na uchafu, presha inajaa ndani. Ikikosa mahali pa haki pa kutokea, inasukuma oili kupitia sili yoyote iliyo karibu, hata sili mpya ya jana. Mwenye gari anasema, "Fundi ameniibia, ameweka sili mbovu." Kumbe sili ni nzuri. Hakuna pa kupumulia.

Wanaume wa kanisa hili, naomba masikio yenu. Wengi wetu tuko hapa kwa kazi. Familia iko Kitui, iko Meru, iko Kakamega. Unatoka kazini, unarudi chumba kimoja, unapika, unalala. Kuna jambo linakusumbua, la pesa, la mwili, la mtoto, la ndoa, na hujamwambia mtu yeyote tangu Januari. Unajisemea, mimi ni mwanamume, nitashikilia. Halafu siku moja linatokea mahali ambapo hukutaka: kwa chupa, kwa mwanamke asiye wako, kwa kofi juu ya mtoto ulipoenda likizo. Kila mtu anashangaa na kusema, "Alikuwa mtu mzuri sana."

Yakobo 5:16 inatuagiza tuungamiane na kuombeana ili tuponywe. Mungu mwenyewe ndiye aliyeweka njia hiyo ya hewa. Tafuta ndugu mmoja anayeogopa Mungu na anayejua kunyamaza. Mmoja tu anatosha. Na wewe unayeambiwa siri, usiwe kifuniko cha oili kilichopotea.

4. SILI YA NYUMA: BEI NDOGO, KAZI KUBWA

Kuna sili moja iko nyuma ya injini, pale injini inapoungana na giaboksi. Bei yake ni ndogo kama zile zingine. Lakini huwezi kuifikia bila kushusha giaboksi nzima. Kwa hivyo watu wanaikwepa miaka na miaka. Fundi mwenye busara, siku giaboksi imeshushwa kwa sababu ya klachi, atakwambia: "Kwa vile tumefika hapa, tubadilishe na hii."

Neno "nisamehe" ni neno moja. Halina bei. Lakini kwa wengine, kulifikia ni kushusha giaboksi. Ni kurudi nyumbani kwa baba mliyekosana naye juu ya shamba. Ni kumpigia dada yako ambaye hamjaongea tangu matanga ya mama. Unajua sili iko pale na bei unaijua. Unaiogopa ile kazi.

Lakini kuna nyakati Mungu anaruhusu maisha yako yashushwe. Kandarasi imeisha, umelazwa hospitali, uhamisho umekuja bila kutarajia. Unalia, "Bwana, nipandishe haraka!" Kabla hajakupandisha, mwambie: "Bwana, kwa vile tumefika hapa, badilisha na ile sili."

Wengine wana njia ya mkato: wanapaka gundi ya silikoni nje. Siku mbili pamekauka, unafurahi. Lakini gundi ikipakwa nyingi inasukumwa mpaka ndani, vipande vinakatika, vinaenda kuziba chujio la oili kule chini. Kiraka cha nje kimekuwa ugonjwa wa ndani. "Nimemsamehe, lakini sitaki kumwona" ni silikoni, ndugu yangu.

HATARI YA KUZOEA

Mtu atasema, pasta, tone moja tu, linaweza kufanya nini?

Tarehe 28 Januari 1986, Marekani ilirusha chombo cha angani kilichoitwa Challenger kutoka Florida. Ndani kulikuwa na watu 7, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Baada ya sekunde 73 kilivunjika angani na wote wakafa, watoto wa shule wakitazama kwenye televisheni. Tume ya uchunguzi ilikuta chanzo chake: pete ya mpira kwenye kiungo cha roketi ya upande wa kulia. Sisi mpira wetu unakazwa na joto la miaka. Wao asubuhi ile ulikazwa na baridi. Ukashindwa kujaza nafasi, moto ukapita. Mwanasayansi mmoja wa tume hiyo, Richard Feynman, alitia kipande cha mpira ule kwenye maji ya barafu mbele ya kamera, akawaonyesha watu jinsi kilivyokosa kurudi katika umbo lake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba walijua. Safari za nyuma pete zilirudi zikiwa zimeungua, lakini kwa sababu chombo kilirudi salama, wakazoea. Mhandisi mmoja, Roger Boisjoly, aliandika onyo Julai 1985. Usiku kabla ya safari, yeye na wenzake waliomba isirushwe. Wakubwa wakapitisha.

Kila safari iliyorudi salama ilihesabiwa kuwa ushahidi kwamba ufa hauna shida. Wapendwa, rehema ya Mungu isichukuliwe kuwa idhini. Umevuja miaka mitatu na hujaanguka. Si kwa sababu kuvuja ni salama. Ni kwa sababu Mungu ni mvumilivu, anakungoja ufike gereji.

DOA CHINI YA GARI

La mwisho, na hili ndilo zito. Gari likivuja, anayeona kwanza si dereva. Ni mwenye kiwanja ulipoegesha. Wewe umeshaenda zako, yeye anabaki akitazama doa.

Sisi hapa ni wachache. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na mahubiri yangu hawayasikii. Wanachosoma ni doa. Mwenye duka ana daftari, na katika daftari hilo kuna majina yetu: sukari, unga, kredi ya simu, shilingi 300, shilingi 450. Halafu Jumapili tunapita mbele ya duka lake na Biblia kwapani, tunaenda kuimba kwamba Bwana ametujaza hadi kufurika. Tumefurika wapi? Kwake?

Mnakumbuka Desemba 21, 2015, basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera likashambuliwa karibu na El Wak. Wauaji walitaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah, Muislamu, alipigwa risasi siku ile, na Januari 2016 akafa kutokana na majeraha. Alipoulizwa kuchagua, pale kwenye kiungo kati yetu na wao, hakuacha kitu kipite.

Jirani kama huyo ametulipia kwa damu. Sisi tunashindwa kumlipia mwenziwe sukari?

Deni la duka ni sili ndogo kuliko zote. Pengine ndiyo inayovuja ushuhuda wa kanisa hili kuliko dhambi yoyote kubwa tunayoihubiri.

MWITO

Kwa hivyo, mama yangu uliyeuliza, asante. Tutabadilisha vipira vya gari kabla ya kongamano la vijana la Agosti, kwa sababu tutawabeba watoto wenu, na barabara ile si mahali pa kuchemsha jioni. Risiti zitabandikwa ubaoni. Na wakati fundi anafanya kazi yake kwa gari, tumruhusu Roho Mtakatifu afanye yake kwetu.

Wiki hii usimwombe Mungu akuongezee kitu. Wiki moja tu. Muulize: "Bwana, inaenda wapi?" Chukua karatasi, andika mahali pamoja panapovuja. Usiandike kumi, utachoka. Andika pamoja. Kama ni deni la duka, lipa kabla ya Jumamosi, hata nusu, na uongee na mwenye duka uso kwa uso. Kama ni simu ya kumpigia ndugu yako, piga. Kama ni siri iliyokujaza, tafuta yule mtu mmoja. Kama ni kifuniko, funga.

Na kama hujampa Yesu maisha yako, wewe shida yako si sili. Injini yenyewe inahitaji kufanywa upya, na Yeye huwa hakatai gari lolote, hata lililovutwa kwa kamba mpaka mlangoni. Njoo.

Tuombe: Baba, umetujaza mara nyingi na tumemwaga. Tuonyeshe mahali panapovuja. Tulainishe mioyo iliyokauka kwa joto la miaka. Tupe ujasiri wa kushusha kile tunachoogopa kukishusha. Majirani zetu waone pakavu pale tuliposimama. Katika jina la Yesu. Amina.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI (JUMATANO)

1. Soma 2 Wafalme 12:4-15. Unadhani ni kwa nini miaka 23 ilipita na pesa zilikuwa zinatolewa? Katika kikundi chetu, ni ufa gani tumeuzoea?
2. Ni jambo gani unaongeza kila wiki bila kutengeneza?
3. Wanaume: uko na ndugu mmoja wa Yakobo 5:16? Kama hapana, omba naye kabla hujatoka leo, hata kama bado hujamwambia lolote.
4. Kila mmoja apitie madeni yake madogo ya mtaani. Kikundi kinaweza kumsaidia nani kulipa?